Ombi kwa Muuza Dawa ya Panya

Bwana Ezama,
nakuandikia wewe, si meneja wa redio,
kwa kuwa sauti yako imenitoa usingizini miaka sita:
panya, mende, kunguni, viroboto,
panya, mende, kunguni, viroboto,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira kwenye usukani wa baiskeli,
betri ikianza kufa sauti inakuwa nzito, kama mlevi anayesali,
na bado watu wananunua.

Mimi nina kitu kilichokamilika.
Nasema kilichokamilika, sisemi ninachokiota.
Ni apu. Sikuandika msimbo, hata herufi moja;
niliiunga usiku kwa kuburuta visanduku kwenye kioo,
hiki hapa, kile pale, kama mama apangavyo mafiga
mpaka chungu kisitikisike.
Inaitwa Foleni.
Inakuonyesha mashine ipi ya kusaga ina umeme sasa hivi,
Awindiri, Mvara, Ediofe, au hapa kwetu Oli,
na mabeseni mangapi yako mbele ya beseni lako.

Unaujua umeme wa Arua. Unakuja kama mgeni mwenye deni:
hapigi hodi, hakai, haagi.
Nilimwona Bi Candiru ametoka Oluko na mihogo kichwani,
kilo ishirini, akaikuta mashine kimya,
akaketi juu ya gunia hadi magharibi,
akarudi na mihogo ile ile
na shingo nyingine.

Kwa ajili ya shingo ile nilijifunza.
Ilipokamilika nilinunua soda, nikanywa peke yangu,
nikasubiri.
Si walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza?
Nikasubiri tena.
Watumiaji watatu, Bwana Ezama:
mimi, dada yangu Mastula,
na ile simu ya pili niliyoazima kwa majaribio.

Nilifika hadi Kampala, macho mekundu kwa safari ya usiku,
ofisi yenye kiyoyozi na maua ya plastiki.
Kijana mwenye viatu vyeupe akaniuliza, "Hadhira yako ni nani?"
Nikamwambia: wanawake ambao unga wao bado ni mihogo.
Akanichorea duara, ndani yake duara,
ndani yake bei: milioni nne na nusu, bila kodi.
Nikanywa maji yao, nikaondoka.
Redio nayo inataka laki mbili kwa nusu dakika
saa tisa usiku, wakati walio macho ni wachawi tu.

Ndipo jana ukapita.
Ukasimama pale mashineni kwetu, umeme umekatika,
wanawake kumi na saba wameketi,
hawana la kufanya ila kukusikiliza.
Kumi na saba!
Nikakuuliza kwa utani: kama dawa yako ni njema,
mbona unaitembeza?
Ulicheka mpaka baiskeli ikataka kuanguka.
"Binti, hata chema huzaliwa hakijui kutembea.
Kibebe mgongoni kwanza."

Basi ombi langu ni hili.
Nipe nafasi kwenye kanda yako,
baada ya kunguni, kabla ya viroboto.
Pumzi moja. Nimejirekodi mwenyewe mara tisa,
sauti inatoka kama ya mtu anayeomba msamaha.
Sema wewe, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili,
na kwa Kinubi ulimi ukiruhusu:
usibebe mihogo kabla hujauliza.

Fedha sina. Nitakuchajia betri kila umeme ukiwapo.
Nawe fungua Foleni asubuhi kabla hujapanda baiskeli:
penye mabeseni mengi ndipo penye masikio.
Najua, ikishika, mabeseni yatapungua
na masikio yako pia. Sikufichi hilo.
Lakini palipo na unga
panya hawakosi.

Zamzam,
mashine ya pili baada ya msikiti, Oli.
Ukikubali utakuwa wa nne.